Barua kutoka Yerusalemu

Ernesta Mgonja alikuwa na sauti ya kusoma. Tangu akiwa darasa la tano pale Myamba mlimani, mchungaji wa usharika alimwita mbele siku za Jumapili asome, na watu waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti isiyo na haraka, inayokufanya uamini kwamba msomaji ameshafika mwisho wa habari na anakurudia kukushika mkono.

Aliolewa, akazaa mabinti wawili ambao baadaye waliolewa mbali, akalima tangawizi na migomba kwenye mteremko mkali hata kibuyu kikikuponyoka unakwenda kukiokota kwa jirani. Mumewe alifariki tangawizi ikiwa tayari kuvunwa. Watu walikuja msibani, wakakaa siku zao, wakatawanyika, maana kila mtu ana shamba lake. Waliobaki kuja ni wawili: Loth Mrutu na mkewe Devotha. Loth alikuwa amerudi mlimani karibuni kutoka tambarare ya Makanya, alikokuwa msimamizi wa shamba la mbogamboga la umwagiliaji wa matone. Walikuja na majembe yao, wakamvunia Ernesta bila kuombwa, na jioni walikataa hata chai.

Jumamosi hawakutokea. Jumapili wakatokea alfajiri, kengele ya kanisa ikilia ng'ambo.

"Jana mlikuwa wapi?" Ernesta aliwauliza.

"Tulipumzika, dada," Loth akasema. "Na wewe ungepumzika. Umechoka kuliko unavyojijua."

Kupumzika Jumamosi si jambo geni milimani kule. Wasabato wako tele. Lakini Loth alikwenda mbali zaidi yao. Alikuwa na kijitabu kilichochakaa alichopewa na mtu wa Arusha, na kutoka humo alijifunza kuzishika sikukuu za Wayahudi kama zilivyoamriwa: mikate isiyotiwa chachu, vibanda vya majani, siku ya kufunga, sikukuu ya majuma saba. Polepole zikakusanyika nyumba kumi na moja. Wao walijiita Nyumba ya Sikukuu. Wanakijiji waliwaita Wayahudi wa Loth, wengine kwa utani, wengine kwa dharau. Ernesta aliingia mwaka wa pili baada ya msiba. Mama yake, bibi Nakunda, alilia. Kaka yake, Zebedayo, mzee wa kanisa, alisema neno moja tu: "Utarudi." Hakurudi.

Barua zilianza mwaka uliofuata. Loth aliteremka mjini Same kwa shughuli zake, akarudi na karatasi iliyochapwa vizuri. Juu yake palikuwa na mstari wa maandishi ya Kiebrania, meusi na mazito kama bawaba za mlango, na chini yake Kiswahili. Ndugu wa Yerusalemu, alisema, walikuwa wamesikia habari zao. Walikuwa na mtu anayejua Kiswahili, na barua zao zilifika kwa mtandao, zikachapwa pale steshenari ya mjini. Ernesta akapewa azisome mbele ya wote. Zilikuwa barua nzuri, za kutia moyo, zenye maelekezo ya siku na namna. Kila alipomaliza kusoma, watu walisogea mmoja mmoja kuugusa ule mstari wa juu kwa vidole. Ernesta alizihifadhi zote ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, bibi Nakunda akafariki.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tano. Zebedayo alipanga mazishi Ijumaa, ndugu wa Dar wapate kufika. Ijumaa hiyo ilikuwa sikukuu ya majuma saba. Ernesta alimwomba kaka yake asogeze hadi Jumapili.

"Mama hatangoja kalenda ya Loth," Zebedayo akajibu.

Ernesta akamwendea Loth. Alitaka kujua jambo moja: je, mtoto anaweza kuiacha sikukuu akamzike mama yake? Loth akasema hilo si lake kuamua, angeuliza. Jumatano akapanda bodaboda kuteremka Same. Alhamisi mchana alirudi na barua. Ilikuwa fupi. Sikukuu ya Mungu haivunjwi kwa ajili ya wafu. Wafu wazikwe na walio nje ya sikukuu.

Alhamisi hiyo Ernesta alikaa na ndugu zake msibani mpaka jua lilipokaribia kuzama, akainuka, akawaaga. Hakuna aliyemwitikia. Ijumaa alikaa nyumbani kwake. Nyumba ya mama yake iko ng'ambo ya bonde, na sauti huvuka bonde lile bila kupungua. Saa nane alisikia tarumbeta za kanisa. Alisikia wimbo wa pili, na wa tatu, akajua sasa wanateremsha jeneza, sasa wanaitwa watoto watie udongo. Alisimama akaenda hadi kwenye migomba. Devotha, aliyekuja kukaa naye tangu asubuhi, alimfuata akamshika mkono.

"Vumilia, dada yangu," Devotha alimwambia. "Ni siku moja tu. Mungu anaona."

Ernesta akavumilia. Tangu siku hiyo Zebedayo alipokutana naye njiani aliangalia miti.

*

Mwaka huu sikukuu ya majuma saba iliangukia tena Ijumaa, na Sabato nyuma yake. Hapo ndipo wanawake wa Nyumba ya Sikukuu huwa na kazi ya ziada. Siku ya sikukuu unaruhusiwa kupika chakula cha siku hiyo, lakini hupaswi kupikia kesho. Na Sabato yenyewe hakuna kupika kabisa. Sasa watu watakula nini Jumamosi? Njia ipo. Alhamisi kabla jua halijazama, mwenye nyumba hutenga yai lililochemshwa na mkate, akasema maneno yake. Kwa kufanya hivyo anahesabiwa ameshaanza kuipikia Sabato, na Ijumaa anaendelea tu na alichokianza. Ernesta alitenga yai na chapati moja kwenye sahani ya bati, akaifunika kwa bakuli. Maharage na mahindi ya makande alikuwa ameshayaloweka. Gogo kubwa la moto alilisukuma jikoni lifuke mpaka kesho, kwa sababu siku ya sikukuu hawawashi moto mpya.

Ijumaa kama saa mbili asubuhi alikuwa akichemsha maziwa aliposikia hodi. Mlangoni alisimama msichana wa kizungu mwenye matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuja asubuhi. Ninaitwa Miriam."

Alikuwa mwanafunzi wa chuo, akaeleza, alikuja kupima ndiva, yale mabwawa ya zamani ya kukusanyia maji ya mashamba. Ndiva ya juu ya shamba la Ernesta aliipima jana, akalala nyumba ya wageni kijijini. Kiswahili alijifunza Arusha. Dereva wa bodaboda alikuwa amemwambia kwamba huku kuna Wayahudi.

"Nilicheka," akasema. "Mimi mwenyewe ni Myahudi. Nikasema siondoki bila kuwaona."

Ernesta alishika nguzo ya mlango. Miaka yote aliyosoma barua alikuwa hajawahi kumwona Myahudi wa kuzaliwa. Alimvuta ndani, akamketisha kwenye kiti kizuri, akamimina maziwa. Msichana akatazama huku na huku, majani mabichi yaliyopangwa dirishani, kitambaa cheupe mezani. Akaona sahani ya bati, akanyanyua bakuli kidogo.

"Yai na mkate," akasema taratibu. "Leo ni Shavuoti, sikukuu ya majuma? Nilisahau kabisa, mama. Bibi yangu kule kwetu Haifa alifanya hivi hivi, na yai aliliweka juu ya friji tusilile. Nani amewafundisha?"

"Mwalimu wetu. Na ndugu zenu wa Yerusalemu." Ernesta alisema hivyo kwa fahari. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko. Juu kabisa ilikuwa barua ya sikukuu hii, ambayo Loth alimpa Jumatano ili ajizoeze kuisoma. Akampa Miriam kwa mikono miwili.

Miriam akatazama juu ya karatasi. Akacheka, kicheko cha ghafla, cha mtu aliyekutana na jamaa mahali asipomtarajia. Kisha akamwona Ernesta usoni, kicheko kikakatika.

"Pameandikwa nini?" Ernesta akauliza.

"Mama, labda ni..."

"Nisomee, mwanangu. Mimi nimewasomea watu miaka tisa, sijawahi kusomewa."

Miriam akaweka kidole kwenye mstari. "Hifadhi mahali pakavu. Usiweke juani." Akaondoa kidole. "Ni maneno ya kwenye boksi. Boksi la mabomba, nadhani. Yale mabomba ya kumwagilia kwa matone yanatoka kwetu."

"Soma tena."

Akasoma tena. Ernesta akatoa barua nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa na mstari uleule, na kwenye zote ile herufi ya mwisho ilikuwa imekatika nusu, mahali mkasi ulipopita kwenye boksi. Mwisho akatoa ile fupi, ya miaka mitatu nyuma.

"Na hii?"

"Ni hivyohivyo, mama."

Ernesta alimweleza habari za mama yake, kwa sauti ileile isiyo na haraka. Akamuuliza kama ni kweli, kama kwao ndivyo ilivyo. Miriam alikuwa analia. Alisema yeye si mtu wa dini, hajui sheria, na kwao wenye kujua hubishana juu ya kila kitu. "Lakini hakuna aliyekujibu, mama. Hilo ninalijua. Hakuna aliyeulizwa."

*

Kutoka kwa Ernesta hadi kwa Loth ni mwendo wa dakika kumi. Loth alikuwa kibarazani akipanga viti. Ibada ilikuwa saa nne. Devotha alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Sikukuu njema, dada," Loth akasema. "Umewahi."

Ernesta akamwekea barua mbili juu ya kiti. "Pale juu pameandikwa usiweke juani."

Loth hakuuliza nani amemwambia. Alikaa chini, akazitazama zile karatasi kama mtu anayetazama nyayo zake mwenyewe kwenye matope.

"Niliwaandikia mara tatu," akasema hatimaye. "Kweli niliandika. Hawakujibu. Na watu waliniuliza kila Sabato, hao ndugu wanatujua? Hata ndugu yetu Hezroni alikuwa ameshawarudisha watoto wake wote usharikani. Ningewajibu nini?"

"Ungewajibu hawatujui."

"Mngeondoka."

"Mimi nisingeondoka."

Loth akainamisha kichwa. Ernesta akaisogeza ile barua fupi kwa kidole. "Na hii, Mwalimu?"

"Uliniuliza jambo nisilolijua."

"Ungesema hujui."

"Niliogopa. Wewe ndiye msomaji. Ungekwenda wewe, kila mtu angepata sababu yake ya kwenda. Nilikaa pale steshenari tangu asubuhi, dada Ernesta, nikaandika mbili. Moja ilisema nenda. Nikaichana."

Maneno hayo yalimuuma kuliko yote. Alikuwa amejitayarisha kusikia kwamba mtu alimdanganya bila kufikiri. Kumbe alifikiri. Akageuka asimwone, na macho yake yakaangukia mlango wa jikoni. Devotha alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Uso wake ulikuwa na huzuni, lakini haukuwa na mshangao.

"Ulijua," Ernesta akasema.

Devotha akautazama mwiko.

"Siku ile, kwenye migomba. Uliponishika mkono. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, dada."

"Ulinishika kunifariji au kunizuia nisivuke bonde?"

Maziwa yalifurika jikoni, yakanukia kuungua, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

Watu wakaanza kuingia, wamevaa meupe, wakisalimiana. Ernesta angeweza kuondoka. Alibaki, kwa sababu aliona wanastahili kujua kama alivyojua yeye. Wimbo wa kwanza ulipoisha, walimgeukia kama desturi, wakingoja barua. Akasimama. Akawaambia bila kupamba kwamba mgeni Myahudi amemsomea ule mstari wa juu: barua hazikutoka Yerusalemu, ziliandikwa Same, na maneno waliyoyagusa kwa vidole ni ya boksi la mabomba. Mzee Sadock, mkubwa kuliko wote pale, akamtazama Loth amjibu.

Loth akainuka. Sauti yake ilikuwa ya upole, ileile ya siku za kuvuna tangawizi.

"Ndugu zangu, dada yetu ana jeraha la mama yake, halijapona. Asubuhi hii amekutana na mgeni, mgeni amemchanganya. Tusimlaumu. Tumwombee."

Nao wakainamisha vichwa. Waliinama karibu wote. Walianza kumwombea Ernesta amani, wakimtaja kwa jina lake, na mwanamke mmoja akamwekea mkono begani. Ernesta alimtazama Devotha. Devotha alifumba macho na wengine, midomo ikicheza, akiomba.

Ernesta aliuondoa mkono ule begani, akatoka huku sala ikiendelea.

*

Aliteremka bondeni kwa miguu, akavuka mfereji, akapanda upande wa pili. Zebedayo alikuwa nje akianika kahawa. Alipomwona dada yake amevaa meupe, akaacha kazi.

"Shikamoo, kaka."

Alichelewa kuitikia. "Marahaba."

"Nimekuja kumwona mama."

"Leo si sikukuu yenu?"

"Ni sikukuu."

Zebedayo akamwonyesha kwa mkono, ingawa dada yake alijua njia. Kaburi lilikuwa limeshajengewa saruji, jina la bibi Nakunda limeandikwa juu, na chini yake majina ya watoto wake wote. La Ernesta lilikuwepo. Hilo hakulitegemea. Alikaa chini pembeni ya saruji, akatafuta mahali pa kutia udongo, hakupata. Kila mahali palikuwa pamezibwa. Alilia hapo kwa sauti, na sauti ikavuka bonde, na kama kule kwa Loth waliisikia, waliisikia.

Baadaye alimweleza kaka yake yote. Zebedayo alisikiliza, akasema, "Loth alikudanganya. Sawa. Lakini miguu ilikuwa yako." Ernesta hakumbishia, kwa kuwa mara nyingi usiku alikuwa ameshajiambia hivyo mwenyewe.

Alirudi kwake alasiri. Miriam alikuwa ameondoka, ameacha karatasi yenye namba ya simu chini ya kikombe. Gogo lilikuwa bado linafuka. Ernesta akasimama jikoni akijiuliza anapika kwa ajili ya nani sasa. Kisha akabandika sufuria, akapika makande, kwa sababu yai na mkate hakumtengea Loth. Jua lilipozama Sabato ikaingia, naye akakaa peke yake na sahani yake, kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa.

Nyumba ya Sikukuu haikuvunjika, kama wengine wanavyodhani ilipaswa kuvunjika. Nyumba tatu ziliondoka, ya Ernesta ikifuatwa na ya mzee Sadock. Nane zilibaki na Loth. Barua hazikukoma, zinakuja bila ule mstari wa juu, na msomaji wa sasa ni Devotha. Ernesta hukutana naye sokoni siku za gulio. Wanasalimiana, maana kijiji ni kidogo. Mara moja Devotha alimfuata hadi nje ya soko akitaka kusema jambo, na Ernesta akamngoja, amejitwisha kikapu, mpaka ilipodhihirika kwamba Devotha angetaka yeye ndiye aanze kusema. Akaenda zake.

Sabato anaishika. Mzee Sadock huja na fimbo yake, wanasoma, wanakula makande ya jana. Mambo mengine ameyaacha, mengine bado anayapima. Alimpigia Miriam simu mara mbili kumuuliza jambo, na mara zote mbili Miriam alimjibu kwamba hajui. Ernesta alimshukuru.

Mwezi wa nane Zebedayo alikuja nyumbani kwake. Hakuwa amekanyaga pale miaka mingi. Alisimama uani akizungusha kofia mikononi, akakataa kiti.

"Fortunata wangu anaolewa," akasema. "Sherehe ni nyumbani."

"Hongera, kaka. Lini?"

"Jumamosi." Akatazama migomba. "Nimewaambia kamati, nimewaambia shangazi yake hawezi Jumamosi. Wamesema vyombo, muziki, vyote vimeshapangwa. Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Kama utauliza huko kwenu kwanza, uliza."

"Sina wa kumuuliza," Ernesta akasema.

Alifikiri kidogo. Hatapanda gari, alisema, wala hatashika sufuria, na wasimpe kazi yoyote. Lakini bonde lile alilivuka kwa miguu tangu utotoni, na atakuja asubuhi kabla ya tarumbeta.

Zebedayo akavaa kofia yake. "Basi mtakuwekea kiti mbele," akasema, akakosea kusema, akajisahihisha: "Tutakuwekea." Kisha akakubali chai.